Pumzi za Chumba cha Mashuka

Kabla hujayaamini haya maneno yangu, yashuku kwanza. Sitakasirika. Mimi mwenyewe nilizaliwa hivyo. Mama alikuwa akisema kwamba nilinusa uji kabla ya kuunywa, hata kama nilikaa mekoni nikiutazama ukipikwa. Tabia hiyo imenigombanisha na watu wengi. Naandika kwa ajili ya wauguzi wenzangu, na wapishi wa hospitali, na wanaofua na kufagia, watu ambao kutwa wanawashuku wagonjwa na hawajishuku wenyewe hata siku moja.

Hospitali sitaitaja. Ilikuwa ya misheni, upande wa Kitui, miaka ya sabini, na mimi nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume. Mume wangu, Kyalo, alikuwa na cherehani na duka dogo la vitambaa Kwa Vonza, na alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa tai hata siku ya Jumanne. Tulikaa na mama yake. Mtoto wetu alikuwa mmoja, Mwende, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejua kukaa bila kuegemezwa.

Wodini nilikuwa mkali. Mgonjwa akikohoa nilimgeuza uso akaelekea ukutani. Wazee wetu wanaogopa baridi kuliko simba, wanafunga madirisha hata mchana wa jua kali, nami nilipita nikiyafungua yote huku wakininung'unikia. Nilivaa kitambaa mdomoni, nilinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka. Mtu angeniambia kwamba kifua kikuu kitanipata, ningemwuliza kitapitia wapi.

Mwaka ule alikuja daktari mpya, Mhindi, na mke wake tuliyemwita Mama Nirmala. Mama huyo hakuwa na kazi hospitalini, ila alipenda kuja kutuangalia. Siku moja alitusimamisha sisi wauguzi barazani akatuambia tunapumua vibaya.

"Nyinyi napumua kama mtu anaiba," alisema. "Kidogo kidogo, juu tu. Chini kote imelala. Mapafu ikilala, ugonjwa naona nyumba iko wazi, naingia."

Akasema kwao watu hufanya mazoezi ya pumzi kila asubuhi, na kwamba atatufundisha bure ili tusiwe tunaambukizwa ovyo na wagonjwa. Neno lile "bure" ndilo lililonishtua. Kwetu kitu cha bure kina kamba nyuma yake, na anayeishika kamba humwoni. Nikaamua kuhudhuria ili nijue anataka nini.

Tulikutana barazani kabla ya kuingia kazini, kundi la wanawake, wauguzi na wengine, hata mpishi wa jikoni. Unaziba tundu moja la pua kwa kidole gumba, unavuta pumzi polepole kwa tundu la pili, unabadilisha. Kisha unapuliza kwa nguvu puani, haraka haraka, tumbo likiruka kama la mbwa aliyekimbia. Mwisho unafumba mdomo na kuvuma kama nyuki mpaka kichwa kinatetemeka. Nilichukia kukubali kwamba nilisikia raha. Siku nzima nilikuwa mwepesi, na hata mgonjwa msumbufu sikumfokea sana.

Lakini baraza lile lilitazamana na njia ya kwenda kanisani, na aliyekulia Ukambani hahitaji kuelezwa kilichofuata. Kilumi tunaijua sote. Ni ile ngoma ambayo wanawake huicheza mpaka pumzi zinapanda, wanahema, wanatoa sauti zisizo zao, na aimu, zile pepo za watu wa kale, zinawapanda vichwani. Waliookoka waliiacha, tena wengine waliiacha kwa machozi, kwa hiyo wanaiogopa kama mtu anavyoogopa kurudi jela. Sasa wanapita njiani na Biblia, wanaona wauguzi wenye sare nyeupe wamefumba macho, wanahema kwa pamoja, halafu wanavuma kama mzinga. Jumapili iliyofuata mhubiri alisema kuna watu wanakaribisha upepo mwingine puani mwao, ilhali Mungu alikwisha kuwapulizia wake. Hakutaja jina, lakini shingo zote zilinigeukia.

Kyalo alingoja mpaka tukafika nyumbani.

"Mama Mwende, kilumi imeingia hospitali?"

"Ni mazoezi ya kifua, Baba Mwende."

"Mazoezi gani inavuma kama nyuki? Hata Mwaitu amesikia kwa watu." Mwaitu ni mama, hivyo ndivyo sote tulivyomwita mama yake.

"Ni kuzuia ugonjwa."

"Mimi ni mzee wa kanisa. Watu wananiuliza niseme nini? Nisikie tena mko hapo nje mkifanya hiyo maneno, tutaongea vingine."

Wenzangu nao walikuwa wameongeleshwa makwao. Aliyetupa shauri alikuwa Syombua, rafiki yangu wa wodi ya wanawake, mcheshi, mwenye kicheko kinachosikika hadi jikoni.

"Si tuingie tu chumba ya mashuka?" alisema. "Tufunge dirisha, tuteremshe pazia. Nani atatuona?"

Chumba cha mashuka kilikuwa kidogo, kimejaa marobota ya mablanketi hadi juu, kina dirisha moja. Tulilifunga tukalikomea. Blanketi moja tulilikunja tukaziba nalo chini ya mlango, ule mvumo wa nyuki usitoke nje. Tulikuwa tunacheka kama wasichana wa shule waliojificha na maembe.

Mama Nirmala hakucheka. Alisimama kizingitini, sari yake ameikusanya mkononi, akakataa kuingia.

"Hapana. Hii kitu ni ya nje," alisema. "Hapa hakuna hewa. Hapa mtavuta nini?"

Tulimwambia ni kwa siku chache tu, watu wakisahau tutatoka. Alikuja mara kadhaa akasimama pale pale kizingitini, kisha akaacha kuja. Mimi, na akili zangu zote za kushuku, nilisema: mnaona? Mwenyewe anatukimbia. Kuna kitu anakijua kuhusu haya mazoezi yake. Syombua akashika nafasi yake, akawa anatuongoza, yeye mbele na sisi tumemzunguka goti kwa goti.

Syombua alikuwa anakohoa. Kila mtu alimsikia. Alisema ni vumbi la mablanketi, na kwa kuwa kiangazi kile kilikuwa kikali hata mbuzi walikohoa, tulikubali. Tukipuliza kwa nguvu alisimama kidogo, akakohoa, akanywa dawa ya kikohozi kutoka mfukoni, akaendelea. Mgonjwa angekohoa vile ningemgeuza uso ukutani. Mwenzangu mwenye sare sikumwona kuwa ni mtu wa kugeuzwa uso.

Mvua ya nthwa, ile ya mwisho wa mwaka, ilinikuta ninajifunga sketi kwa pini. Nilikuwa ninaamka shuka limelowa jasho. Mwaitu alinitazama kiuno akasema ni mimba nyingine inayonikondesha. Mimba ilipokosekana akasema kuna jirani amenionea wivu, akaacha kuchota maji kisima kimoja na mke fulani ambaye hakuwa na kosa. Mimi nilisema ni kunyonyesha. Halafu asubuhi moja, wakati namfunga Mwende nepi, nilikohoa katika leso nikaona damu. Nilikaa chini sakafuni na ile leso. Mtoto alidhani ni mchezo, akaidaka, nikamnyang'anya kwa nguvu mpaka akaanguka.

Nilipelekwa wodi ya kifua upande wa Makueni, mbele ya Wote, mbali na watu wanaonijua. Siku ile ile Mwaitu alimtoa Mwende kwenye titi. Hakusubiri nimnyonyeshe mara ya mwisho. Alimchukua mikononi mwangu akaenda naye nyuma ya nyumba, nami nikapanda gari matiti yamejaa. Nilimchukia mwanamke yule njia nzima.

Sindano ilidungwa kila asubuhi, matako yakawa magumu kama ubao hata kukaa nikakaa upande. Baada ya muda masikio yalianza kupiga mluzi, na moja mwishowe likaziba kabisa. Nikitembea, ukuta ulinijia. Vidonge vilikuwa vikubwa, vyenye harufu ya duka la dawa, vikaniwasha ngozi. Muuguzi wa kule alipovileta nilivigeuza mkononi na kumwuliza maswali mpaka akasema, "Sista, wewe meza tu, mimi sina haja ya kukuua." Nywele zilipungua. Maziwa yalikauka baada ya wiki moja hivi, na siku nilipoona nguo haijalowa nililia kuliko siku ya damu.

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa kungoja. Kulikuwa na benchi refu nje ya chumba cha eksirei, limelainika kwa kukaliwa, na tulikaa pale kila mtu na kichupa chake cha makohozi amekifunika kwa kiganja kama siri ya aibu. Pale benchini nilimtafuta aliyeniua. Nilikuwa nimekwisha kumhukumu mzee mmoja wa wodini kwangu, wa kitanda cha karibu na mlango, aliyekohoa mpaka akafa. Nilikuwa na hakika ni yeye. Nilimlaani marehemu yule kwa jina lake na la baba yake.

Kyalo alikuja mara moja kwa mwezi. Hakuingia, alisimama nje ya dirisha la wodi na leso mdomoni.

"Wazee wamekaa," aliniambia safari ya kwanza. "Wanasema kama utatubu mbele ya kanisa hiyo mambo ya pumzi, watakuombea upone."

"Na Mwende?"

"Yuko tu. Anakohoa kidogo."

Nilishika nondo za dirisha. "Anakohoa? Tangu lini? Mpeleke apigwe eksirei, Baba Mwende. Kesho."

"Mtoto tunamwombea. Hii kitu iliingia kwa mlango ya pepo, itatoka kwa mlango hiyo hiyo."

Akaondoka. Wengine walikuwa wakihesabu sindano zilizobaki. Mimi nilihesabu tu kwamba mahali fulani mtoto wangu anakohoa na kila mtu amefumba macho anaomba. Naamini maombi, usinielewe vibaya. Lakini nimeona watoto wakizikwa na maombi yao.

Basi siku moja benchini akaja kukaa kando yangu Mutindi. Huyu alikuwa mpishi wetu kule misheni, mwanamke mnene, na sasa kanga ilikuwa inamzunguka mara mbili. Alikuwa na kichupa.

"Aiya! Mutindi, hata wewe?"

"Hata mimi, sista. Sijui nimetoa wapi. Mimi na wodi ni mbali."

Ilikuwa kweli. Mutindi hakukanyaga wodi maishani mwake. Aliwaogopa wagonjwa hata chakula alikiacha mlangoni kikachukuliwa. Yule mzee wangu wa kitanda cha mlangoni hakuwahi kumwona. Nilikaa pale na masikio yangu yanapiga mluzi, nikajiuliza mimi na mpishi tulikuwa wapi pamoja. Mahali palikuwa pamoja tu, chumba cha mashuka. Goti kwa goti, pazia limeshuka, blanketi chini ya mlango. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea. Sisi tulikwenda kukitafuta hadi penye mashuka.

Siku chache baadaye wakamleta Syombua, ameshikwa huku na huku. Sikuwa nimemshuku hata mara moja, mimi ninayenusa uji. Nilimwuliza, na nilimwuliza kwa ukali, Mungu anajua.

"Ilianza kabla ya chumba," alisema, sauti ikiwa imebaki upepo. "Nilijua. Nilifikiri nikisema watanifuta kazi. Na nikafikiri, hizi pumzi si zinasafisha kifua? Zitanisafisha."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Syombua hakuiona mvua ya uua, ile ya Machi. Nilimkasirikia wiki nzima, kisha nikamlilia, na mpaka leo nikisikia mwanamke anacheka kwa sauti kubwa nageuka.

Mama Nirmala alikuja kunitazama. Alileta machungwa. Nilimwuliza jambo lililokuwa limenikwama: kwa nini alisimama kizingitini?

"Niliwaambia," alisema. "Nyinyi nacheka."

Akanitoa nje, nyuma ya wodi, penye mti mdogo na kamba ya kuanikia nguo, akaniambia nipumue. Nilimtazama vizuri kwanza. Kisha nikavuta, tundu moja, tundu la pili, hewa ya asubuhi yenye harufu ya majivu. Sikuponywa na pumzi, nataka hilo lieleweke. Niliponywa na sindano na vidonge, na yeyote atakayekuambia uache dawa upumue tu, mkimbie. Ila kila nilipofikiria kikohozi cha Mwende, nilitoka nje pale penye kamba ya nguo nikavuta pumzi moja baada ya nyingine, na siku ikapita. Niliushukuru msaada ule, hata kama bado nilijiuliza yule mama alikuwa akipata nini.

Kyalo aliporudi sikumweleza habari za chumba. Nilijua hatasikia. Nilimwambia hivi:

"Nitatubu. Mbele ya kanisa lote, vile wazee wanataka. Lakini kwanza lete mtoto apigwe eksirei."

Alinitazama kupitia nondo. "Unanifanyia biashara, Mama Mwende?"

"Ndiyo. Wewe ni mtu wa duka, unaelewa."

Nilikuwa na hakika hataleta. Akaleta. Alikuja naye wiki ile ile, amemfunga kifuani kwa shali ya Mwaitu, na mwenyewe amevaa tai. Mtoto alikuwa mwepesi, shingo imekuwa nyembamba. Sikuruhusiwa kumkaribia, nilisimama upande wa pili wa ua. Daktari alipotoka na ile picha akaielekeza kwenye jua, nilijua kabla hajasema. Mwende alikuwa nacho kifua kikuu, ila kilikuwa ndiyo kinaanza. Daktari alimwambia Kyalo kwamba wangengoja mavuno, wangemleta mfu.

Kyalo alivuka ua. Hakuwa na leso mdomoni. Akauliza, "Ilipitia wapi?"

Sasa nikamwambia. Dirisha, komeo, pazia, blanketi, Syombua.

"Na kwa nini mlifunga?"

"Tulikuwa tunajificha, Baba Mwende. Si ulisema usitusikie tena hapo nje?"

Aliangalia viatu vyake, akaenda kukaa kwenye benchi letu refu, kati ya wagonjwa na vichupa vyao, mtoto mapajani. Alimngojea zamu yake ya dawa mpaka mchana. Mimi ni mtu wa kinyongo, lakini siku ile kinyongo kilipungua.

Sindano zangu ziliisha, makohozi yakawa safi, nikaruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vya mwaka mzima. Mwende alikuwa bado chini ya Mwaitu, anamezeshwa dawa zilizosagwa kwenye uji, na Mwaitu alikuwa akimmezesha kwa saa ile ile kila siku, akipima kwa jogoo na kwa jua, hakukosa. Haya niliambiwa na Kyalo. Mimi niliyashuku. Nilipofika, Mwaitu alinitengea kibanda cha peke yangu na kikombe changu, na mtoto akabaki kwake. Nilimwona Mwende kwa mbali akijifunza kutembea, akimwita bibi yake mama. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba sasa naweza kumshika. Mwaitu alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, na hakumleta.

"Ahadi ni ahadi," Kyalo alisema Jumamosi moja. "Wazee wanangoja kesho." Halafu akaongeza polepole, "Sema vile unaona ni kweli."

Kanisa lilijaa. Nilipita mbele nikasikia mabenchi yakisogezwa, watu wakinipisha zaidi ya ninavyohitaji. Zile sindano zilikuwa zimeniharibia mizani, nikashika meza.

"Niliambiwa nitubu kuhusu pumzi," nilisema. "Sisi wanawake wa hospitali tulivuta pumzi pamoja na mwenzetu aliyekuwa mgonjwa, ndani ya chumba kilichofungwa. Yeye amekufa. Mutindi bado yuko wodini. Mimi ndiye huyu. Mtoto wangu mnamwona. Tulifunga dirisha kwa sababu tuliwaogopa nyinyi. Ugonjwa hatukuuogopa vile. Sina pepo. Nina vidonge, na nitavimeza mpaka viishe. Mwenye kikohozi hapa, na kipo, nakisikia kule nyuma, aende hospitali kesho."

Mhubiri alifungua Biblia akaifunga tena. Nilimtafuta Kyalo kwa macho, lakini aliyeinuka alikuwa Mwaitu, upande wa wanawake, na Mwende mgongoni. Nilidhani anatoka nje. Nilidhani anamtoa mtoto mahali nilipo, na nikasema moyoni, basi, amekwisha.

Akaja mbele. Alifungua nguo ya mgongoni taratibu, bila kunitazama usoni, akamchukua mtoto akanikabidhi mbele ya kanisa zima.

"Shika," alisema. "Ni wako. Mimi nilikuwa namshikia tu."

Mwende alinitazama, hakunijua. Midomo ikapinda. Alinisukuma kifua kwa viganja vyote viwili, akajipinda kumfuata bibi yake, akavuta hewa mpaka tumbo likajaa, akapasua kilio ambacho nadhani kilifika sokoni. Watu wakaanza kusema mrudishe, mrudishe kwa nyanya yake, anaogopa. Sikumrudisha. Nilimwekea sikio langu lililobaki zima juu ya mgongo wake mdogo, nikasikiliza kama muuguzi anayemshuku kila mtu, pumzi inaingia, pumzi inatoka, nikitafuta kikohozi ndani ya kile kilio. Nilitafuta sana. Hakikuwamo. Nikamwacha alie.